Madirisha Yanayorudi Yenyewe

Chrome ikifunguliwa kwenye kompyuta, mojawapo ya mambo ya mwanzo inayoyafanya ni kuandika kwamba imeanguka. Ndani ya folda ya mtumiaji kuna faili liitwalo Preferences, na humo kuna kipengele kidogo kinachoeleza kivinjari kilimalizaje kazi mara ya mwisho. Programu inapoanza tu, kipengele hicho huandikwa neno Crashed, ingawa saa hiyo haijaanguka hata kidogo. Ndiyo kwanza imeamka. Mtumiaji akiifunga kwa utaratibu, Chrome hulifuta neno hilo na kuweka Normal mahali pake. Umeme ukikatika kabla ya hapo, hakuna wa kulifuta. Ikifunguliwa tena, programu hukuta bado imeandikwa kuwa ilianguka, ndipo inapouliza kama irudishe kurasa zilizokuwa wazi.

Hila hiyo ni ya busara kuliko inavyoonekana. Aliyekufa hawezi kwenda kuripoti kifo chake, basi Chrome huripoti mapema na kukanusha baadaye. Mafundi wanaofunga skrini za matangazo, zile za ratiba za safari au za foleni ya wateja, nyingi zikiendeshwa na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, wanalijua neno hilo kwa uchungu. Skrini ya namna hiyo huzimwa kwa kuchomoa waya ukutani. Asubuhi, swali la kurudisha kurasa hukaa juu ya tangazo mbele ya umma, na hakuna kipanya wala mtu wa kulibonyeza. Dawa iliyozoeleka ni mstari mmoja wa amri unaopita kabla ya kivinjari kuanza na kugeuza Crashed kuwa Normal. Yaani fundi anaidanganya programu kuhusu kifo chake yenyewe, na programu inakubali.

Ndani ya udanganyifu huo mdogo kuna jambo zima la madirisha yanayorudi. Mtu humaliza kazi kwenye kompyuta kwa njia mbili: ama amekatishwa, ama ameacha mwenyewe. Kurudisha madirisha kulibuniwa kwa ajili ya yule aliyekatishwa. Kero ilianza pale huduma hiyo ilipoanza kutolewa pia kwa aliyeacha mwenyewe, akiwa timamu, baada ya kubonyeza alama ya kufunga.

Kwa aliyekatishwa, hakuna ubishi. Anayejaza maombi ya mkopo wa chuo kwenye steshenari ya mjini, kompyuta ikiwa haina UPS, mgao wa umeme ukimkuta kwenye ukurasa wa tano, anaijua thamani ya kivinjari kinachokumbuka. Firefox 2, iliyotoka Oktoba 2006, ndiyo iliyoufanya ukumbusho huo kuwa sehemu ya kivinjari hicho bila kuhitaji kiongezo. Ilirudisha madirisha, vichupo, hata maneno yaliyokwisha kuandikwa ndani ya fomu. Watumiaji wa Opera, kivinjari cha Norway, walikuwa wamezoea kurudishiwa kurasa zao miaka kadhaa kabla ya hapo, na hawakuchoka kuwakumbusha wenzao. Leo Firefox huandika hali yake kwenye diski takriban kila sekunde 15 kama kuna kilichobadilika. Basi mtu akipoteza, kwa kawaida anapoteza sekunde chache tu za kazi.

Wazo lenyewe, kwamba mashine ikiwashwa imkute mwenyewe pale pale alipoishia, ni kongwe kuliko wavuti. Mwaka 1987 kampuni ya Canon ilitoa mashine ya kuandikia iliyoitwa Canon Cat, iliyobuniwa na Jef Raskin, mtu yule yule aliyeuanzisha mradi wa Macintosh ndani ya Apple mwaka 1979 kisha akaondoka. Cat ilihifadhi kwenye diski picha ya skrini kama ilivyokuwa mtu alipoacha. Ikiwashwa, picha hiyo hutangulia kuonekana wakati mashine bado inajipanga kwa ndani. Mwandishi hujiona hajawahi kuondoka mezani. Raskin aliamini kwamba mtu anaporudi kwenye kazi yake hataki kusalimiwa wala kuulizwa maswali. Anataka kuendelea na sentensi. Mashine yenyewe haikupata soko la maana, lakini hoja yake iliishi.

Ila Cat ilikuwa ya mtu mmoja na maandishi yake. Haikuwa na ukurasa wa benki, wala tangazo la video linaloanza kupiga kelele lenyewe, wala barua pepe ya mtu aliyekaa kiti hicho hicho saa moja iliyopita. Hoja ya Raskin ilipohamishiwa kwenye dunia ya namna hiyo ilipata matatizo ambayo hakuwa na sababu ya kuyawazia.

Apple ndiyo iliyoihamisha kwa ujasiri kuliko wote. Tarehe 20 Julai 2011 ilitoa Mac OS X Lion, na ndani yake huduma iliyoitwa Resume: kila programu ikifunguliwa irudi na madirisha yake yote, na kompyuta ikiwashwa upya irudishe programu zote. Msimamo nyuma yake ulikuwa kwamba mtumiaji asihangaike kujua programu gani inaendeshwa na ipi imezimwa, kama ilivyo kwenye simu. Wengi walifurahi. Wengine walifungua Safari, kivinjari cha Apple, mbele ya wageni na kukuta kurasa za usiku uliopita zimejipanga.

Kwenye kisanduku cha kuzima kompyuta kulikuwa na alama ya tiki ya kuuliza kama madirisha yafunguliwe tena mtu akirudi. Ungeiondoa leo, na kesho ungeikuta imerudi. Kesho kutwa vile vile. Watu walifikia hatua ya kulifungia kabisa faili ambamo mfumo hutunza orodha ya madirisha ya kurudisha, ili hata ukitaka kuandika ushindwe. Folda ya hali zilizohifadhiwa nayo ilinyang'anywa ruhusa ya kuandikiwa. Mwezi Mei 2012, katika toleo la 10.7.4, Apple ilitaja miongoni mwa marekebisho yake kwamba imetatua tatizo la tiki hiyo kubaki imewashwa daima. Ilichukua takriban miezi kumi kwa mashine kujifunza kwamba mtu akisema hapana, jibu hilo ni la kesho pia. Katika Mountain Lion, iliyofuata mwaka huo huo, hata swali kwenye mipangilio liligeuzwa: badala ya kuuliza kama madirisha yarudishwe, likawa linauliza kama yafungwe programu inapozimwa. Mwenye kumbukumbu za toleo la zamani alihitaji kusoma mara mbili kabla ya kuweka tiki.

Hapo ndipo penye ugumu wa kuizuia tabia hii hadi leo. Anayetaka kivinjari chake kianze na ukurasa mtupu hudhani anapambana na mpangilio mmoja, kumbe mikono inayorudisha madirisha ni mingi na haiulizani.

Upo mkono wa kivinjari chenyewe. Kwenye Chrome, sehemu ya mipangilio inayohusu kuanza ina chaguo tatu: ukurasa wa kichupo kipya, kuendelea pale ulipoachia, au kurasa maalumu ulizotaja. Firefox ina kisanduku kimoja chini ya mipangilio ya jumla, cha kufungua madirisha na vichupo vilivyopita. Kukiondolea tiki kunatosha. Safari huuliza ianze na nini, dirisha jipya au madirisha yote ya kikao kilichopita. Kwa watu wengi kazi huishia hapa, na inafanya kazi.

Kwa wengine haifanyi kazi, kwa sababu juu ya kivinjari kuna mfumo wa kompyuta. Safari inaweza kuwa imeambiwa ianze na dirisha jipya, lakini macOS yenyewe ikawa na tiki ya kurejesha programu zote baada ya kuwashwa upya, na mfumo ukashinda. Kwenye Windows 10, sasisho la Oktoba 2017 lilianza kuzirudisha programu zilizokuwa wazi kompyuta ilipozimwa. Watu walikuwa wakiingia asubuhi na kukuta kivinjari kimeshafunguka bila kuguswa, na wakakilaumu kivinjari bure. Ilichukua mpaka toleo la 2020 kwa Microsoft kuiweka huduma hiyo kwenye swichi yake ya peke yake, chini ya chaguo za kuingia kwenye akaunti. Kabla ya hapo ilikuwa imefungwa pamoja na mpangilio mwingine kabisa, na mtu angeweza kukesha bila kuiona.

Halafu kuna mkono wa ajali, ule wa neno Crashed, ambao hautii chaguo lolote kati ya hayo. Wenyewe huuliza kila unapohisi kifo cha ghafla. Anayezima kompyuta kwa kukandamiza kitufe cha umeme hadi mwanga uondoke atalikuta swali hilo kila asubuhi, na hakuna mpangilio wa kawaida wa kumponya zaidi ya kuacha mazoea hayo. Kuna pia mkono wa sasisho: kivinjari kikiomba kujianzisha upya ili kipokee toleo jipya, hurudi na kila kitu hata kama umekikataza siku zote, kwa hoja ya haki kabisa kwamba hukukifunga wewe. Na kwenye Chrome, kichupo kilichobandikwa mwanzoni mwa mstari hurudi daima, chaguo lolote liwe limewekwa. Mtu anaweza kupekua mipangilio yote akimtafuta mchawi, kumbe ni kichupo chake mwenyewe alichokibandika.

Watumiaji wa Mac wana mtego mmoja zaidi. Kubonyeza kiduara chekundu hufunga dirisha, hakuzimi programu. Anayetaka vyote viishe pamoja, programu na kumbukumbu ya madirisha yake, kwenye Mac iliyowekwa irudishe madirisha, hukandamiza Option pamoja na Command na Q. Na anayetaka Safari ianze mtupu kwa mara moja tu hushikilia Shift wakati wa kuifungua. Vifunguo hivi ni vizuri sana na havionekani popote mpaka mtu akwambie.

Hadi hapa ni kero. Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, jambo hubadilika sura.

Mwaka 1994 Lou Montulli, akiwa Netscape, alibuni kidakuzi: kipande kidogo cha maandishi ambacho tovuti humwachia mtumiaji ili imtambue akirudi. Vingine huwekewa tarehe ya kuisha. Vingine havina tarehe, na hivyo ndivyo vidakuzi vya kikao, vinavyotakiwa kufa kikao kinapoisha. Benki, ofisi za kodi na huduma za barua pepe zimejengwa kwa kutegemea kifo hicho. Ndiyo maana maelekezo mengi humwambia mteja akimaliza afunge kivinjari. Lakini waraka wa RFC 6265 wa Aprili 2011, unaoweka kanuni za vidakuzi, umekiachia kivinjari chenyewe kuamua kikao kinaisha lini. Chrome iliyowekwa iendelee pale ilipoachia huamua kwamba hakijaisha. Huvitunza vidakuzi vya kikao pamoja na vichupo, na Firefox nayo hufanya hivyo inaporudisha kikao. Mteja amefuata maelekezo, amefunga kivinjari, ameondoka. Mlango bado uko wazi.

Sasa mtazame huyo mteja kwenye saiba ya Nakuru au steshenari ya Morogoro. Amekuja na bahasha ya vyeti. Mhudumu anamfungulia barua pepe ili apokee namba ya uthibitisho, kisha tovuti ya serikali kama eCitizen au tovuti ya ajira, kisha ukurasa wa kupakia picha. Nyuma yake kuna watu wawili wamesimama. Kazi inaisha, analipa, anabonyeza alama ya kufunga kwenye kona na kumpisha anayefuata. Kama kompyuta ile imewekwa iendelee pale ilipoachia, labda na mhudumu mwenyewe aliyechoka kufungua tovuti zile zile kila asubuhi, anayefuata atakaa kitini na kukuta vichupo vyote vitatu, na barua pepe ya mtu mwingine iko wazi kama mezani kwake. Si lazima awe mwizi. Inatosha awe na udadisi.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azitunze. Kwa mwenye saiba, utii wa sheria hizo unaweza kuanza kwenye mpangilio mmoja wa Chrome. Maabara nyingi za kompyuta zimechagua njia ya ukali zaidi: programu kama Deep Freeze, ambayo kompyuta ikiwashwa upya hufuta kila kilichoongezwa tangu ilipogandishwa. Ni kinyume kamili cha Canon Cat. Mashine haimkumbuki mtu yeyote, na kwa kompyuta ya foleni hiyo ni heshima kubwa.

Mbona basi watu wengi, kwenye kompyuta zao binafsi, hawaizimi tabia hii hata wakijua namna? Mwaka 1928 mwanasaikolojia Maria Ovsiankina, katika kundi la Kurt Lewin mjini Berlin, alichapisha majaribio aliyowafanyia watu waliopewa kazi ndogo ndogo kisha wakakatishwa kabla ya kumaliza. Walipoachwa huru, wengi walizirudia kazi zile wenyewe, bila kuombwa wala kulipwa. Mwenzake Bluma Zeigarnik, aliyechapisha mwaka mmoja kabla, alikuwa na dai maarufu zaidi, kwamba kazi isiyokwisha hukumbukwa kuliko iliyokwisha. Dai hilo limeyumba sana waliofuata walipolijaribu upya. La Ovsiankina limesimama imara zaidi. Kichupo kilichoachwa wazi ni kazi iliyokatishwa na mwenyewe: makala itasomwa, bei italinganishwa, fomu itajazwa Jumamosi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, katika utafiti uliotoka mwaka 2021, walikuta watu wakiogopa kufunga vichupo kwa sababu kitu kikitoka machoni ni kama kimetumbukia shimoni. Takriban robo ya waliohojiwa katika sehemu moja ya utafiti huo walisema kivinjari au kompyuta yao imewahi kuanguka kwa wingi wa vichupo. Watu hao wanalemewa na vichupo, na bado wanaogopa kuvifunga. Kivinjari kinachovirudisha kila asubuhi hakiwasaidii kuamua. Ni kama mhudumu wa mgahawa anayekuletea tena sahani za chakula ulichokiacha jana, akidhani anakutunza.

Zamani kulikuwa na gharama ya papo hapo. Vichupo 30 vikirudi vyote vilipakiwa upya kwa mkupuo, na aliyeunganisha kompyuta kwa bando la simu aliliona likiyeyuka kabla hajasoma mstari. Firefox 13, ya Juni 2012, ilianza kuacha vichupo vilivyorudishwa vikae bila kupakiwa mpaka mtu avibonyeze. Bando lilipona, na pamoja nalo ikaondoka sababu moja nzuri ya kufunga.

Kwenye simu, ambako watu wengi wa Afrika Mashariki huingilia mtandaoni, swali hili halipo kabisa. Hakuna kuzima, kuna kuweka mfukoni. Chrome ya Android huhesabu vichupo hadi 99, na vikizidi hapo huacha namba na kuweka uso wa kucheka. Apple, katika iOS 13 ya mwaka 2019, iliipa Safari uwezo wa kufunga vichupo yenyewe baada ya siku, wiki au mwezi. Pengine hilo ni ungamo la kimya kutoka kwa kampuni ile ile iliyotuletea Resume.

Hofu ya kupoteza, hata hivyo, haina msingi mkubwa kwenye kompyuta. Anayeiambia Chrome ianze na ukurasa mtupu hajafuta chochote: akikandamiza Ctrl, Shift na T mara tu baada ya kuifungua, au Command badala ya Ctrl kwenye Mac, dirisha la kikao kilichopita hurudi na vichupo vyake. Firefox inayo amri ya namna hiyo kwenye menyu ya historia. Tofauti ni nani aliyeomba. Madirisha ya faragha peke yake ndiyo hayarudi kwa vifunguo hivyo, kwa kuwa hayaandikwi kwenye orodha ya vikao, na mteja wa saiba anayefungua dirisha la namna hiyo kabla ya kuandika nywila yake, akalifunga kabla ya kunyanyuka, hana haja ya kujua mhudumu aliweka nini kwenye mipangilio.